Seti ya rangi za Gram zilizochanganywa tayari: tathmini kutoka maabara ya Mwanza

Seti ninayoitathmini inauzwa katika duka moja la vifaa vya maabara katikati ya jiji la Mwanza, nayo ina chupa nne za kupaka bakteria rangi ili kuwatenganisha wa Gram chanya, wanaobaki zambarau, na wa Gram hasi, wanaotoka wekundu: kristali vayoleti ya zambarau, ayodini, kiondoa rangi chenye mchanganyiko wa alkoholi na asetoni, na safranini nyekundu. Tumeitumia kwa bakteria waliooteshwa kwenye agari, yaani chakula chao kilichogandishwa, wengi wao kutoka katika sampuli za mkojo na usaha za wagonjwa wa mjini na wa mialo ya wavuvi. Naipendekeza, ila karatasi ya maelekezo inayokuja nayo isifuatwe bila kuhakikiwa.

Kristali vayoleti imeniridhisha kabisa. Ni nzito, na haina chembechembe zile zinazoganda kwenye slaidi na kumfanya msomaji adhani ameona koksi, yaani bakteria wa duara, kero inayofahamika kwa yeyote aliyezoea rangi ya kuchanganywa kwa poda bila kuchujwa. Safranini nayo haina lawama.

Kiondoa rangi ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa kipimo hiki, tangu Hans Christian Gram alipokieleza mwaka 1884, husimama au huanguka katika hatua hiyo. Kristali vayoleti na ayodini huungana ndani ya seli. Ukuta mnene wa peptidoglikani, kiini cha ukuta wa seli ya bakteria, wa bakteria wa Gram chanya huuzuia muungano huo usitoke, ilhali wale wa Gram hasi, wenye ukuta mwembamba na utando wa nje wenye mafuta, huuachia mara alkoholi inapopita. Asetoni huharakisha kazi hiyo sana. Karatasi inaelekeza sekunde 30, muda ambao ungeweza kuvumilika kwa alkoholi peke yake lakini kwa mchanganyiko huu umepita kiasi: Staphylococcus aureus, ambaye hapana shaka ni Gram chanya, alitoka mwekundu sawa na E. coli. Tulipoanza kudondoshea kimiminika juu ya slaidi iliyoinamishwa, na kuisuuza kwa maji papo hapo matone yanayotiririka yalipoacha kubeba zambarau, majibu yalinyooka, na kwa kawaida hatua hiyo haikuzidi sekunde chache.

Kwa sababu hiyo, kila chupa mpya inapofunguliwa, na kila siku ya kazi, ni lazima wapakwe bakteria hao wawili wanaojulikana, S. aureus na E. coli, kwenye slaidi ileile, mmoja kila upande, na yule anayechunguzwa awekwe katikati. Majibu ya katikati yasiaminiwe iwapo ya pembeni hayakutoka yanavyotakiwa.

Ayodini ina kasoro ya chupa. Imetiwa katika plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, na mwanga huidhoofisha. Ikishapauka, Gram chanya huanza kusomeka kama hasi. Mama mwenye duka alipoonyeshwa chupa iliyofifia aliibadilisha bila ubishi, jambo ninalomshukuru kwalo, lakini mtengenezaji angetumia chupa ya kahawia tatizo lisingekuwepo.

Haki inanitaka niseme pia kwamba yapo makosa ambayo seti yoyote itasingiziwa. Kolonia, yaani makundi ya bakteria yaliyoota kwenye agari, zilizokaa zaidi ya saa 24, hasa za bakteria wa Gram chanya waitwao Bacillus, hupoteza uwezo wa kushika zambarau, hivyo zichukuliwe zikiwa na umri wa saa 18 hadi 24. Tabaka nene la bakteria huficha rangi na kuleta chanya ya uongo. Wakati wa masika, hewa inapokuwa na unyevu na slaidi ikachelewa kukauka, wapo wanaoikimbilizia kwenye moto ikiwa mbichi. Joto hilo huharibu kuta za seli, na baada ya hapo hakuna rangi itakayosema kweli.

Anayenunua aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila chupa, si kwenye boksi tu, na achague ujazo mdogo wa kiondoa rangi, kwani asetoni huruka upesi kwa joto letu kila kifuniko kinapofunguliwa. Duka hilohilo lina potasiamu haidroksaidi. Mmumunyo wake wa asilimia 3, ukichanganywa na kolonia juu ya slaidi, huvutika kama ute kwa bakteria wengi wa Gram hasi na kubaki majimaji kwa wa Gram chanya, na ni msaada mzuri pale rangi inapoacha shaka.