Mortal Kombat 1: Nililipia Jina, Nikasubiri Sauti

Braza wangu aliisikia vizuri sauti ya Rambo kwa mara ya kwanza mwaka 2021, sebuleni kwetu Nkuhungu, Dodoma, akiwa na pedi mkononi.

Filamu za zamani za Rambo alishaziona zote. Lakini aliziona kwenye vibanda vya video vya Majengo, enzi za mikanda, na mikanda ile ilikuwa inakuja na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, juu yake. Lufufu alisema maneno ya steringi, ya adui, ya mama yake steringi na ya askari wa getini, wote kwa mdomo mmoja. Sauti ya Stallone ilibaki kwa chini kama redio ya nyumba ya pili. Kwa hiyo niliponunua Mortal Kombat 11 Ultimate, gemu ya mapigano, na Rambo akatokea humo akisema mwenyewe, Braza alisimamisha gemu.

"Dogo, huyu ni Stallone kweli?"

Nikamwambia ndiyo, aliingia studio akarekodi. Basi akawa anaanzisha pambano, anasikiliza yale maneno wanayorushiana wapiganaji kabla ya raundi ya kwanza, anatoka, anaanzisha tena. Hapigani. Anasikiliza ile sauti nzito inayokwaruza, ya mtu ambaye vita havijamtoka mwilini. Siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanalipia gemu kwa sababu ya sauti ya mtu mmoja.

Ndiyo maana ujio wa Mortal Kombat 1 ulitupata vibaya. Jina lisikuchanganye: ni mwendelezo wa ile ya 11. Hadithi ya ile iliishia mpiganaji Liu Kang akipewa uwezo wa kuanza dunia upya, na hapo ndipo hii inapoanzia. Ilitoka Septemba 19, 2023, na kabla haijatoka tukaambiwa kwamba Johnny Cage, mpiganaji ambaye ni staa wa filamu, anaweza kuvaa sura na sauti ya Jean-Claude Van Damme. Kwa mtu wa kibanda cha video hiyo ni habari kubwa. Cage alibuniwa kwa kumtazama Van Damme. Waliotengeneza gemu ya kwanza ya 1992 walitaka awe yeye, ikashindikana. Miaka 31 baadaye akakubali.

Shida ni kwamba haichezeki kwenye PS4. Niliuza yangu, nikaongezea akiba ya miezi kadhaa, nikapata PlayStation 5 iliyotumika. CD niliagiza Kariakoo, ikapanda basi, nikaipokea stendi ya Nanenane. Hata ukiwa na CD kuna mzigo mwingine wa kushusha, kwa hiyo panga bando mapema na uanze usiku. Van Damme hayumo kwenye gemu ya kawaida. Nililipia kando Kombat Pack, kifurushi cha wapiganaji na mavazi ya ziada, na sitaficha, niliilipia kwa ajili yake peke yake.

Sura ni yake kabisa, Van Damme wa miaka ya themanini, kifua wazi. Halafu anafungua mdomo. Aliyerekodi ni mtu aliyekwisha kuvuka miaka 60, na mwili tunaouona ni wa kijana asiyefika 30. Kwa sikio langu maneno yanatoka kama yamesomwa kwenye karatasi, moja moja, bila ya mengine kujua yaliyotangulia. Cage ni mtu wa majigambo, anayetaka kamera imtazame hata anapopigwa. Andrew Bowen, anayemsemea Cage tangu Mortal Kombat X ya 2015, anayajua majigambo hayo mpaka kwenye pumzi. Van Damme ndiye asili ya Cage, lakini kwenye spika za TV yetu Bowen ndiye Cage.

Kwa Nitara, mpiganaji mwingine, mambo yalikuwa magumu zaidi. Huyu ni mnyonya damu mwenye mabawa, anayepigania watu wake, na kazi ya kumsemea alipewa Megan Fox, mwigizaji wa Hollywood. Mashabiki wengi walilalamika, nami nilijitahidi nisiende na mkumbo, nikamcheza wiki nzima. Bado nasikia sauti ileile anapotisha na anapoumia. Simlaumu yeye; aliitwa, akaja. Nauliza alisaidiwaje ndani ya kile chumba cha kurekodia, maana kusemea gemu ni kazi ya peke yake: unapiga kelele za kukatwa mkono mbele ya ukuta, humwoni unayepigana naye. Mwigizaji aliyezoea kuwa na mwenzake mbele yake anahitaji mtu wa kumwongoza sentensi kwa sentensi.

Haya tulishayapitia kwenye ile ya 11. Sonya Blade alipewa Ronda Rousey, aliyewahi kuwa bingwa wa mapigano ya UFC, na kwenye karatasi ilikuwa safi, mpiganaji amsemee mpiganaji. Lakini kuna sehemu mwanzoni kabisa ambapo Sonya amebanwa na kifusi na anamwamuru Cassie, binti yake wa kumzaa na askari aliye chini yake, amwache pale, aondoke zake. Ni mama na kamanda kwa wakati mmoja. Nilimwangalia Braza usoni, mtu ambaye amewahi kulia kibandani mbele ya watu. Hakutikisika. Amri ilisikika, mama hakusikika. Aliyeibeba sehemu ile ni Cassie, na Cassie amesemewa na mtu wa kazi hiyo, Erica Lindbeck, jina ambalo hakuna anayelitaja anapotangaza gemu.

Sisemi watu maarufu wasiitwe. Cary-Hiroyuki Tagawa aliyekuwa Shang Tsung kwenye filamu ya 1995 alirudi kwenye ile ya 11 kwa sura na sauti, na kila anapocheka taratibu mgongo unasisimka. Kwenye hii, J.K. Simmons amekuja na Omni-Man wake wa katuni ya Invincible, John Cena na Peacemaker wake wa kwenye tamthilia, na wote wawili wanakaa sawasawa, kwa sababu wamekuja na wahusika wanaoishi nao tayari. Homelander wa tamthilia ya The Boys yumo pia, ila Antony Starr, anayemwigiza huko, hakumsemea, na waliomsubiri waliumia. Lakini kumbuka Terminator wa ile ya 11: Schwarzenegger alitoa sura tu, sauti ikafanywa na Chris Cox. Braza alicheza naye mwezi mzima kabla sijamwambia, akabisha, hakuamini.

Na wanaosema mashabiki tunakataa tu chochote kipya, wamtazame Kratos. Kwenye God of War ya 2018 aliondolewa Terrence C. Carson, sauti tuliyokua nayo kwenye PS2, akaja Christopher Judge. Niliapa sitainunua. Leo nikisikia jina la Kratos, kichwani inakuja sauti ya Judge akimwita mwanawe. Alifanya kazi, tukamfuata.

Kazi hii ina wenyewe. Kuanzia Julai 2024 waigizaji wa gemu wa Marekani waligoma karibu mwaka mzima, hofu kubwa ikiwa kompyuta kuchukua sauti zao na kuzisemesha bila wao. Nikisoma habari hiyo niliwaza hela niliyotoa kwa ajili ya Van Damme, nikatamani sehemu yake ingemfikia Bowen.

Kama unauliza kuhusu kununua: mapigano ni matamu, picha ni nzuri kuliko gemu yoyote ya ngumi niliyowahi kushika, na hadithi inakwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Nunua ya kawaida. Kombat Pack chukua kama unamtaka Omni-Man.

Jumamosi iliyopita, upepo wa Dodoma unapiga bati na vumbi linaingia mpaka chini ya mlango, nilikuwa namtoa Van Damme ili nimrudishe Cage wa kawaida. Braza akanishika mkono.

"Mwache. Mimi nataka kumwona."

Akachukua rimoti, akashusha sauti ya TV mpaka sifuri. Van Damme akainua mguu, na Braza, kwa ile sauti ya kibandani, haraka haraka, pumzi moja, akaanza kumsemea yeye na adui yake wote wawili. Watoto wa jirani waliokuwa uani wakaingia ndani kusikiliza.