Kliniki ya methadoni jijini Mwanza: dozi haina kasoro, ufuatiliaji bado

Ninamsindikiza mdogo wangu kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hapa Mwanza, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia zinazofikiria kumpeleka ndugu aliyenaswa na heroini. Huduma ni bure, foleni ya asubuhi huenda haraka, na dozi hunywewa mbele ya muuguzi, ambaye humsemesha kila mteja kidogo ili ahakikishe kwamba dawa imemezwa. Kwa kuwa dozi moja huzuia arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa heroini, kwa siku nzima, mdogo wangu amerudi kwenye kazi yake ya kupakia dagaa pale mwaloni Kirumba.

Hata hivyo, kilichonifanya niiamini kliniki hii si dawa. Watu wenye uraibu wa heroini hufa kwa kujiua mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, lakini kwetu jambo hilo halitajwi, pengine kwa sababu kujaribu kujiua ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Hapa muuguzi alifunga mlango, akavuta kiti, akauliza waziwazi: "Mdogo wangu, umewahi kuwaza kujiua?" Mama alishtuka, akihofia kwamba swali lenyewe litamtia mawazo mabaya, ilhali Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Naye mdogo wangu alisema, tena mengi. Siku hiyohiyo alikaa na mshauri nasaha, nasi tukaelekezwa tufungie dawa zote za nyumbani na tusimwache peke yake.

Kasoro yao ni kwamba mteja asipofika, hakuna anayepiga simu, na kwangu hilo si dogo, kwa sababu wiki za kwanza baada ya kuacha tiba ni za hatari kubwa: arosto na aibu hurudi pamoja, na mwili hauhimili tena kiwango cha zamani cha heroini. Mwisho wa wiki dirisha la dozi hufunguliwa, lakini mshauri hayupo. Hali ikiwa mbaya, mpelekeni idara ya dharura ya hospitali bila kusubiri Jumatatu.

Kama ndugu yenu aliwahi kujaribu kujiua, mwambieni muuguzi mapema, maana swali hilo liko ukurasa wa mwisho wa fomu ya mapokezi, na foleni ikiwa ndefu ukurasa huo hurukwa.