Hardtop HZJ75 na Prado 150 uani pamoja: ipi iende wapi

Wengi wenye magari haya mawili ya Toyota Land Cruiser jijini Kampala huyatumia kinyume. Prado hutumwa kila safari ngumu kwa sababu ni jipya na lina kiyoyozi, kisha likirudi mjini linasota kwenye foleni wiki nzima. Hardtop inaachwa uani mpaka majani yanaota chini ya tairi. Magari yote mawili yanaumia hivyo, kila moja kwa njia yake.

Tunazungumzia Hardtop yenye injini ya 1HZ, yaani HZJ75 ya miaka ya 1990 hadi 1999, na Prado 150 ya dizeli ya 1GD, lita 2.8. Injini hiyo iliingia soko la Japani mwaka 2015. Kabla ya hapo Prado 150 za Japani zilikuwa za petroli, kwa hiyo ukiambiwa "dizeli ya 2012, moja kwa moja kutoka Japani", omba karatasi kwanza. Nayo Hardtop itabidi uitafute humu humu nchini: tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe. Minada ya mashirika ndiyo mahali pa kuanzia.

Kwenye Hardtop, kagua ekseli ya mbele kabla hujatazama rangi. Inua gurudumu kwa jeki, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, beringi za habu zimelegea. Ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani zile ambazo gurudumu hugeukia unapokata kona. Kisha pangusa kile kichwa cha duara nyuma ya gurudumu. Utando mwembamba wa grisi ni kawaida. Ukikuta uji mweusi unachuruzika, sili ya ndani ya ekseli imekatika na oili ya difu, yaani sanduku la gia lililo katikati ya ekseli, inavuja kuingia kwenye grisi. Grisi inayeyuka, difu inapungukiwa, na baada ya muda jointi inaanza kugonga ukikata kona huku fowili (mwendo wa magurudumu yote manne) imeshika. Dawa yake ni sili mpya pande zote mbili, grisi yenye molibdenamu, na beringi mpya za kingpini kwa kuwa tayari umefungua. Kinachoharibu kazi hii ni nati ya habu. Inataka soketi ya milimita 54, na fundi asiye nayo huizungusha kwa patasi na nyundo mpaka meno yanaisha na ukazaji wa beringi unakuwa wa kubahatisha. Nunua soketi yako, ikae garini.

Injini yenyewe haina makuu. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na roli yake ya kukazia; ukikatika, vali na pistoni zinagongana. Taa ya mkanda kwenye dashibodi usiiamini kwa gari la mnada, maana inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Joto ndilo adui mkubwa: likizidi, silinda hedi ya 1HZ hupasuka, na wanaofunga tabo (turbo) ya kubahatisha ili gari lipande milima ya Kabale haraka ndio wanaoifikisha huko mapema. Soko la Kisekka lina spea za 1HZ tele, za asili na za kuiga bega kwa bega. Kwa mkanda na sili, lipa zaidi upate za asili. Na kabla ya kununua stata au balbu, hakikisha gari lako ni la volti 12 au 24, maana zipo za aina zote mbili.

Prado ni gari zuri sana linalolelewa vibaya. Lina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo. Kazi hiyo inataka mwendo wa kutulia, zaidi ya kilomita 60 kwa saa kwa kama dakika 20 au zaidi. Foleni ya Jinja Road haikupi nafasi hiyo, chujio linaziba, taa inawaka, na gari linapoteza nguvu. Litoe hadi barabara ya Entebbe mara moja kwa wiki. Wakati wa kujisafisha, ekzosi inapata moto mkali mno, kwa hiyo usiliegeshe juu ya nyasi kavu, na ukitoka mbugani chungulia chini utoe nyasi zilizonasa.

Kosa la wenye magari mawili ni kununua dumu moja la oili ya 15W-40 kwa yote. 1HZ itaipokea vizuri. 1GD inataka oili yenye majivu kidogo, tafuta alama ya C2 kwenye kopo. Oili ya kawaida huacha majivu ambayo chujio haliwezi kuyachoma. Na Prado za dizeli za Japani hutumia AdBlue, maji ya urea ya kusafisha moshi yanayowekwa kwenye tangi lake. Ikiisha ukazima injini, haiwaki tena. Jaza tangi hilo kabla hujaondoka Kampala na ubebe akiba, usitegemee kuipata Kaabong, huko Karamoja.

Sasa njia. Kwenye vilima vya matope vya Ruhija, upande wa Bwindi, magurudumu mawili yanapokosa mshiko, Hardtop isiyo na loku za difu (za kulazimisha magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja) huzungusha tairi palepale, ilhali Prado yenye mfumo wa kuzuia utelezi hufunga breki kwenye gurudumu linaloteleza na kupanda. Mashabiki wa Hardtop hawapendi kulisikia hili. Lakini kwenye udongo mweusi wa Karamoja mvua ikinyesha, tairi nyembamba za 7.50R16 hukata tope hadi penye ugumu, wakati 265/65R17 za Prado zinajaa udongo na kuelea. Mzigo mzito, mafuta ya madumu, kijiji kisicho na kompyuta ya kupimia gari: Hardtop. Kwenye mchanga wa mto Kidepo, upepo wa tairi za Prado ushushwe hadi psi 18. Hardtop yenye rimu za vipande na tyubu usiishushe chini sana, kwani tairi likizunguka kwenye rimu tyubu inakatika shingoni.

Mafuta ya vituo vya mbali yana maji. Kwenye 1HZ, legeza kizibo kilicho chini ya filta, bonyeza pampu ya mkono juu yake mpaka itoke dizeli safi, kaza. Pampu ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huila polepole. Nozo za 1GD hazikupi muda hata huo, basi Prado ijazwe kwenye kituo unachokijua.

Hardtop isiyotembea huoza kimyakimya: sili zinakauka, silinda za breki za nyuma zinaganda. Kila wiki mbili ifunge habu za mbele (ili magurudumu yaungane na ekseli), iendeshe nusu saa, kipande kimoja kiwe cha changarawe ili uweke fowili na oili ifike pande zote. Kwenye lami habu zinaweza kubaki zimefungwa, ila lever ya fowili usiiguse. Maji ya breki yabadilishe kila miaka miwili, hata kama gari halijatembea.