Skrubu za feshia kwa nyumba za Mombasa: aina nne, na tunayoichagua

Mbao ya feshia, ile inayofunika ncha za kenchi, huwahi kuharibika kabla ya paa lenyewe. Rangi bado nzuri, lakini chini ya kila skrubu kuna mchirizi wa kutu. Fundi hulaumiwa, na kumbe tatizo lilianzia dukani.

Skrubu nyeusi za jipsam zipo kila duka na huingia upesi, ndiyo maana mafundi huzipenda. Ni za kazi ya ndani. Weusi ule hauzuii chumvi, na chuma chake ni kikavu, yaani huvunjika badala ya kupinda: mbao ikivimba wakati wa masika kisha ikasinyaa kwa jua la kaskazi, kichwa hukatika. Nje zisitumike kabisa. Zile za rangi ya dhahabu si bora sana, kwa kuwa zinki yake ni ya maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu na bisibisi huikwangua kichwani siku ileile ya kufunga.

Galvanaizi iliyochovywa kwenye zinki ya moto ni kitu kingine. Ina rangi ya kijivu isiyong'aa, ukiigusa inaparuza, na zinki yake hufikia maikroni 50 hivi. Kwa feshia ya saipresi iliyopakwa rangi, mahali pasipofikiwa na chumvi ya mawimbi, tunaikubali. Kwa mvule hapana: zinki ikishaliwa, utomvu wa mti ule hukutana na chuma na kuacha madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni.

Nyali, Bamburi, Shanzu, popote upepo wa kusi unapotoka baharini moja kwa moja, nunua stenlesi (chuma cha pua) ya daraja la 316. Ina molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoikinga na chumvi. Stenlesi 304, daraja la kawaida, haina, hivyo hupata madoa ya hudhurungi karibu na ufuo. Nenda dukani na sumaku: skrubu ikinaswa kwa nguvu, huenda ni stenlesi ya daraja la 410, ambayo hushika kutu. Lakini sumaku haitakutenganishia 304 na 316, basi tafuta alama ya A4 au 316 kwenye boksi. Duka likikuuzia za kumimina kwenye mfuko usio na maandishi, ondoka.

Ubaya wa 316, mbali na bei, ni ulaini. Ukiisukuma kwa drili ya kasi ndani ya mvule, shingo hukatika na kipande hubaki ndani. Toboa feshia kwa milimita 4.5 ili skrubu namba 8 ipite bila kushika, halafu kenchi kwa milimita 3. Paka nyuzi za skrubu nta ya mshumaa, endesha polepole, malizia kwa mkono. Kichwa kiishie sawa na uso wa mbao. Kikizama sana, maji hutuama pale.

Kwa mbao ya inchi 1, chukua skrubu ya inchi 3, mbili kwa kila kenchi, milimita 20 au zaidi kutoka ukingoni. Upande wa mita 12 wenye kenchi kila sentimita 60 una kenchi 21, yaani skrubu 42. Kila kiungo kikatwe kwa mshazari juu ya kenchi na kiongezewe skrubu 2. Nunua 50, maana chache zitakatika.