Programu za kusanifu mifumo ya sola: ipi ulipie, ipi uchukue bure

Kila anayetafuta programu ya kusanifu mifumo ya sola huuliza ipi ni bora. Swali litakalokuokolea pesa ni jingine: ripoti yako ataisoma nani? Mwenye nyumba anataka kujua kama betri itamfikisha asubuhi. Benki inataka kujua kama mkopo utalipika hata mwaka ukiwa wa mawingu. Fundi aliye juu ya paa anataka idadi ya paneli kwa kila msururu, yaani paneli zilizoungwa moja baada ya nyingine, basi. Hakuna programu inayowajibu wote watatu vizuri, na kwa mifumo mingi midogo huna haja ya kulipa hata senti. Mpangilio huu nimeufanya nikimfikiria mtu ambaye usanifu ndiyo kazi yake.

Kwanza kabisa, kabla hujalipa: PVGIS

Hii siipi nafasi kwenye orodha kwa sababu haiuzwi. Ni ya Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Tume ya Ulaya, inafunguka kwenye kivinjari bila kujisajili, na data zake za mionzi zinafika Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya Asia na Amerika. Unabofya mahali kwenye ramani, unaandika ukubwa wa mfumo, mwinamo wa paneli na upande zinakoelekea, unapewa kilowati-saa za kila mwezi.

Sehemu yake nzuri kuliko zote, na ambayo wengi hawaigusi, ni ile ya mifumo isiyounganishwa na gridi. Unaipa wati za paneli, ukubwa wa betri, kiwango cha chini ambacho betri haitakiwi kushuka, na matumizi ya siku. Inakurudishia asilimia ya siku ambazo betri ilijaa na asilimia ya siku ambazo iliishiwa. Kwa nyumba yenye taa, friji na televisheni, jibu lako umeshalipata.

Ila usiiamini kwa kila kitu. Inaiona milima ya mbali, lakini mti wa jirani haiujui. Halafu hasara za mfumo imezijaza yenyewe, 14%, na watu huiacha hivyo hivyo kana kwamba imepimwa kwenye paa lao. PVWatts, kikokotoo kama hiki cha Marekani, nayo huanza na 14.08%, hizo desimali mbili zisikutishe, ni makadirio vilevile.

1. PVsyst

Ripoti yako ikiwa inakwenda benki au kwa mwekezaji, nunua hii. Inatoka Uswisi, ilianzia Chuo Kikuu cha Geneva, na wakaguzi wa miradi mikubwa wameizoea kiasi kwamba ukiwaletea kitu kingine utaanza kwa kujieleza. Inakokotoa saa kwa saa, inakuruhusu kujenga majengo na miti kwa pande tatu ili kupima kivuli, na inatoa kile ambacho benki huita P90, yaani kiwango cha uzalishaji kinachotarajiwa kupitwa katika miaka 9 kati ya 10.

Mchoro wake wa hasara ndio unaonifanya niiweke juu. Mshale mpana unaanza na jua lote linalofika kwenye paneli, kisha unapunguzwa hatua kwa hatua: kivuli, vumbi, joto, nyaya, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa kutumika nyumbani). Paneli hupimwa kiwandani kwa nyuzi 25. Seli zikifika nyuzi 60 na paneli ikipoteza 0.35% kwa kila nyuzi, zaidi ya 12% ya nguvu imekwenda. Mteja akiuona mshale ukikatwa pale, hakuulizi tena kwa nini paneli za kilowati 5 hazitoi kilowati 5 mchana.

Kazi yake nyingine ni kukuzuia usiunguze vifaa. Chukua paneli yenye volti 49.5 bila mzigo, ambayo volti yake hupanda kwa 0.27% kila joto linaposhuka nyuzi moja chini ya 25. Ukifunga 20 kwa msururu mmoja unapata volti 990, na inveta inavumilia 1,000. Kwenye karatasi ya kiwanda uko salama. Ikifika alfajiri ya nyuzi 10, kila paneli inapanda hadi volti 51.5 na msururu unafika 1,030. PVsyst itakuandikia kwa rangi nyekundu kabla ya kosa hilo kufika juu ya paa. Ukitoa paneli moja, 19 zinabaki volti 979. Angalia tu joto la chini kabisa uliloipa: yenyewe huanza na nyuzi 10 chini ya sifuri, na mahali ambapo baridi haifiki huko itakupunguzia paneli bila sababu.

Lawama ninazo. Inakaa kwenye Windows tu, leseni hulipiwa kila mwaka, na kurasa zake zinahitaji uvumilivu. Ina siku 30 za majaribio, usizianze kabla hujawa na mradi mkononi. Na nakala za wizi ziache: jina la mwenye leseni huchapishwa kwenye ripoti, na msomaji wa benki analiona.

2. SAM

Hii ni bure, iliundwa na NREL, maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, na inakaa kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa ukokotoaji sioni haya kuiweka jirani na PVsyst. Unaweza kuzama hadi kwenye betri, uchakavu wa paneli mwaka hadi mwaka na mtiririko wa fedha. Mwanafunzi au mhandisi anayetaka kuelewa namba zinatoka wapi aanzie hapa.

Kinachoinyima nafasi ya kwanza ni kwamba kurasa za fedha zimejengwa juu ya kodi za Marekani, hivyo ukiwa kwingine utakesha ukifuta visivyokuhusu. Kuhusu hali ya hewa ya eneo lako, pakua faili ya mwaka wa kawaida kutoka PVGIS kwa muundo wa EPW, SAM inausoma.

3. PV*SOL

Ya Valentin Software, Berlin. Kwa paa zenye kivuli kigumu, mabomba, kuta fupi na dirisha lililochomoza, picha zake za pande tatu zinaeleweka haraka na mteja anajiona nyumbani kwake. Kampuni inayofunga sola kwenye nyumba na maduka itaifurahia kuliko PVsyst.

4. HOMER Pro

Iko ya nne kwa sababu tu wengi hawaihitaji. Ukiwa na jenereta, betri, sola na labda upepo kwenye mfumo mmoja, kisiwani au mgodini, ipeleke juu kabisa. Inajaribu michanganyiko mingi na kuipanga kwa gharama ya maisha yote ya mradi, mafuta yakiwemo. Lakini paa haikuchorei, na urefu wa msururu utaupanga kwa programu nyingine.

5. Za mtandaoni: Aurora, HelioScope, OpenSolar

Hizi ni za kufanyia mauzo. Unachora paa juu ya picha ya setilaiti na pendekezo la bei linatoka mteja akiwa bado kwenye simu. OpenSolar ilijijengea jina kwa kutotoza ada ya kuitumia, basi hakikisha bado ni hivyo na uijaribu kwanza. Tatizo ni picha: zikiwa za zamani au zenye ukungu eneo lako, utachora paa lisilokuwepo.

Kabla ya kulipia yoyote, muulize muuzaji kama miradi yako ya zamani itafunguka leseni ikiisha, na kama paneli na inveta unazofunga zimo kwenye hazina yake. Kisha tumia kipindi cha majaribio kwa mfumo uliokwisha kufungwa, ambao una usomaji wa mita wa mwaka mzima. Jumla ya mwaka ikikaribiana lakini miezi ikapishana, tazama kivuli na mwinamo uliouingiza kabla ya kuilaumu programu.