Vite na pnpm kwa mtu wa bando la simu hapa Kampala: uzoefu wangu

Hii ni ya nyinyi mnaofanya frontendi (upande wa tovuti anaouona mtumiaji) kwa hotspoti ya simu. Mimi nakaa upande wa Ntinda, laptopu yangu ina ramu ya GB 8 tu, na bando nanunua mwenyewe. Kwa hiyo mtu akinipendekezea programu yoyote ya kazi swali langu la kwanza ni hili: neti ikikatika au bando likiisha, bado nafanya kazi au nakaa kuangalia skrini? Kwa swali hilo Vite (inayokuendeshea apu kwenye brauza unapoiandika, kisha kuifungasha) na pnpm (inayoshusha na kutunza pakeji, yaani msimbo ulioandikwa na wengine) zimenifaa kuliko vyote nilivyotumia.

Nianze na pnpm. Ukitumia npm, chombo cha kawaida cha kushusha pakeji, kila mradi unapata node_modules (folda ya pakeji) yake kamili, yaani ukiwa na miradi mitano ya React (maktaba ya kutengenezea kurasa) basi React iko kwenye diski mara tano, na diski ya GB 256 inajaa upesi sana. pnpm inaweka faili mara moja kwenye stoo moja halafu kila mradi unaunganishwa na stoo hiyo kwa hadilinki, yaani jina la pili la faili ileile bila kuikopi. npm nayo ina kashe (akiba ya vilivyokwisha kushushwa), tuseme ukweli, haishushi kila kitu upya, lakini diski haikuokolei. Ninachofanya nina mradi mmoja wa msingi wenye React, rauta (ya kubadilisha kurasa) na TypeScript (JavaScript yenye taipu, yaani aina za data) pamoja na pnpm-lock.yaml yake (orodha ya matoleo ya pakeji), kazi mpya ikija naukopi bila node_modules, naandika pnpm install --offline na data ya simu imezimwa kabisa, na inamaliza! Kila kitu tayari kiko stoo. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuibakiza.

Angalizo kwa wanaoweka miradi kwenye diski ya nje: hadilinki haivuki kutoka diski moja kwenda nyingine, kwa hiyo hapo ama pnpm inafungua stoo nyingine au inakopi faili zote, na faida ya nafasi inapotea. Weka stoo na miradi diski moja.

Vite sasa. Mradi mmoja wa kampuni niliokuta ulikuwa bado na Create React App, chombo cha zamani cha kuanzishia miradi ya React, ambacho timu ya React yenyewe ilishatangaza Februari 2025 kwamba isitumike kwa apu mpya. Ile inapakia apu nzima kwanza ndio ukurasa ufunguke, na kwa ramu yangu feni inalia tu. Vite haisubiri hivyo, maktaba za nje inaziandaa mara moja na kuziweka kwenye kashe, halafu faili zako wewe inazipeleka pale brauza inapoziomba, ukisevu badiliko linaonekana palepale kwenye localhost:5173 (anwani ya ndani ya laptopu yako) na fomu uliyokuwa umejaza mara nyingi haifutiki.

Kitu ninachokipenda zaidi ni amri ya pnpm dev --host, inayowasha apu na kuiruhusu ifunguliwe na vifaa vingine vya mtandao huohuo. Inakupa anwani kama ya 192.168 fulani, unaifungua kwenye simu ileile inayokupa hotspoti na hakuna hata MB moja ya bando inayoliwa, maana ni simu na laptopu zinaongea zenyewe. Wateja wetu wengi hapa wanafungua kila kitu kwa simu, tena simu za bei ya chini, kwa hiyo apu isiyojaribiwa kwenye simu mimi sihesabu imejaribiwa. Ila simu yenye brauza ya zamani sana inaweza kuonyesha ukurasa mweupe, hapo ujue huo upande wa kudevelopu unataka brauza za kisasa, ongeza @vitejs/plugin-legacy (nyongeza ya brauza za zamani), tengeneza bildi (apu iliyofungashwa tayari kwa watumiaji), kisha ujaribu kwa pnpm preview --host.

Na fonti jamani, msivute kutoka kwenye tovuti za nje wakati wa kazi, neti ikilegea ukurasa unasubiri na maandishi yanabadilika sura. Pakeji za @fontsource zinaweka fonti ndani ya mradi na mambo yanaisha.

Panapouma ni pachache. Vite haikagui taipu za TypeScript, inazivua tu na kuendelea, kwa hiyo kosa linapita kimya hadi uendeshe tsc --noEmit, amri ya TypeScript ya kukagua, na mimi nataka hiyo iendeshwe kabla ya kila bildi bila mjadala. pnpm ni kali pia, ukiimpoti pakeji ambayo hukuiandika kwenye package.json (orodha ya pakeji za mradi) inakataa, na kuanzia toleo la 10 inazuia skripti za pakeji zisijiendeshe wakati wa kuinstoli mpaka uruhusu kwa pnpm approve-builds. Wengine inawaudhi, mimi naona ni ulinzi mzuri.

Mwisho angalieni toleo la Node (inayoendesha JavaScript nje ya brauza) kabla hamjaanza, Vite 7 inataka 20.19 kwenda juu au 22.12 kwenda juu, shusheni siku mkiwa na Wi-Fi ya mtu.