Uzoefu wangu: mkutano wa elimu ya tiba, na dakika 40 za wanafunzi

Nafundisha maafisa tabibu huku Nyanda za Juu Kusini, huu mwaka wa 14. Mikutano ya magonjwa nimehudhuria mingi: malaria, kifua kikuu, afya ya mama na mtoto. Mara nyingi kuna mradi unaolipa nauli na posho. Mwaka jana kwa mara ya kwanza nilitoa fedha yangu mwenyewe kwenda kwenye mkutano wa elimu ya tiba, ambao mada yake si ugonjwa bali namna ya kumfundisha yule atakayekwenda kutibu. Siku mbili, Dar es Salaam, ada shilingi 200,000, malazi juu yako. Wakufunzi wenzangu wameniuliza sana kama hela hiyo inarudi. Nimeona niandike mara moja, kwa sababu kilichoirudisha sicho nilichokifuata.

Usajili haukunisumbua. Nilitumiwa namba ya malipo, nikalipa kwa simu, uthibitisho ukaja jioni ileile. Chakula kilikuwa kizuri na chai ya saa nne haikukosa vitafunwa. Ukumbi ulikuwa na baridi ya kiyoyozi kiasi kwamba sisi tuliotoka Njombe na Iringa tulijiona tuko nyumbani. Hayo yanatosha.

Ratiba ilisema ufunguzi ni saa 2:30 asubuhi. Mgeni rasmi aliingia saa 4:00. Najua viongozi wana mambo mengi na barabara za Dar es Salaam tunazijua, wala sisemi kwa kumlaumu mtu. Nayaweka hapa kwa sababu ile saa moja na nusu ililipwa na watu wengine kesho yake, na waliolipa ndio waliokuwa na cha kusema.

Hotuba zilikuwa tano. Kila msemaji alianza na meza kuu, mmoja baada ya mwingine, mpaka itifaki ikazingatiwa. Nne kati ya hizo zingeweza kusomwa kwenye mkutano wowote wa sekta yoyote. Ya tano, ya mkuu wa ndaki mmoja wa tiba, ilinifanya nitoe daftari. Alisimama bila slaidi wala karatasi, akatupitisha kwenye historia yetu wenyewe. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 Muhimbili ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 ikasimama yenyewe kama chuo kikuu kamili. Hadi katikati ya miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa na shule hiyo moja tu ya udaktari. Kisha milango ikafunguka: Kairuki na KCMC mwaka 1997, Bugando mwaka 2003, Dodoma baadaye, na vingine vya watu binafsi na mashirika ya dini.

Halafu akauliza kama kuna mtu ukumbini anayejua vitanda vya wagonjwa vimeongezeka mara ngapi katika kipindi hichohicho. Hakuna aliyenyoosha mkono. Alisema kwa upole kabisa kwamba chuo hujengwa kwa miaka miwili, mitatu, lakini mgonjwa wa kufundishia hajengwi, na kwamba sisi walimu tumezoea kuona wanafunzi 20 wamezunguka kitanda kimoja kiasi kwamba hatuoni tena ajabu yake. Nilihisi ananisema mimi. Kiongozi anayesema hivyo mbele ya mgeni rasmi, na mbele ya wamiliki wa vyuo, anastahili heshima. Natamani hotuba zote zingekuwa za namna ile, zingetosha mbili.

Mchana tuligawanywa kwenye vikundi vya mafunzo. Mimi nilichagua cha oski, ule mtihani wa vituo ambao Ronald Harden wa Dundee, Scotland, na wenzake waliuandikia mwaka 1975. Kwa asiyeujua: kengele inalia, mwanafunzi anaingia kituo cha kwanza, anapewa dakika chache kufanya jambo moja (kupima presha, kumweleza mama namna ya kutumia dawa, kusoma picha ya kifua), kengele inalia tena, anahamia kituo kingine, na kila kituo kina msahihishaji mwenye orodha ileile kwa wanafunzi wote. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi hapimwi kwa bahati ya mgonjwa aliyempata wala kwa hali ya mwalimu siku hiyo. Mwezeshaji alikuwa hodari. Alituonyesha jinsi ya kumwandaa mtu wa kuigiza mgonjwa bila gharama kubwa, na jinsi orodha ya kusahihishia ikiwa ndefu mno inavyomgeuza mtahini kuwa mtu wa kuweka vyema tu. Nimerudi na orodha tatu ambazo tunazitumia chuoni hadi leo. Kwa kikundi hicho peke yake sijutii nusu ya ada.

Siku ya pili ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Kipindi cha wanafunzi kilipangwa mwisho, dakika 90, wasemaji sita kutoka vyuo mbalimbali. Kwa kuwa siku ya kwanza ilichelewa na mada zilizobaki zikasogezwa mbele, dakika 90 zikawa 40, na wasemaji sita wakawa watatu. Mshereheshaji alisoma majina ya watatu, akawaomba wengine radhi. Binti mmoja aliyekaa mstari wa mbele yangu alikuwa na karatasi zake amezikunja mkononi tangu asubuhi. Alizirudisha kwenye mkoba. Alikuwa amesafiri kutoka Kanda ya Ziwa, maana tulikuwa tumesalimiana wakati wa chai. Hili ndilo kosa kubwa la mkutano mzima kwa maoni yangu, na waandaaji nimeshawaandikia. Wakati huo meza kuu ilikuwa na viti vitupu karibu vyote. Viongozi waliotuambia asubuhi ya jana kwamba mwanafunzi ndiye kiini cha elimu hawakuwepo kumsikia, isipokuwa yule mkuu wa ndaki na profesa mmoja mstaafu.

Wa kwanza alizungumzia kifo cha kwanza alichokishuhudia wodini, na kwamba raundi iliendelea kitanda kilichofuata bila mtu kumwambia neno. Alizungumza kwa ufupi na akakaa. Wa tatu alieleza jinsi wanavyofundishana wenyewe usiku kwa makundi ya simu, jambo nililolijua nusunusu.

Wa pili alikuwa kijana wa mwaka wa nne. Mada yake ilikuwa maneno ya wagonjwa. Alisema: sisi tunafundishwa kwa Kiingereza, tunachukua historia ya mgonjwa kwa Kiswahili, tunampresenti kwa mwalimu kwa Kiingereza, na katikati hapo kuna vitu vinadondoka na hakuna anayeviokota. Akatoa mifano, na ukumbi ukaanza kutikisa vichwa. Mgonjwa anasema ana homa. Je, mwili una joto, au anaumwa tu kwa jumla? Anasema ana kichomi; je, ni maumivu ya kuchoma ubavuni akivuta pumzi, au ameshaambiwa na mtu kwamba hiyo ni nimonia? Mama anasema ni chango. Mzee anasema ni presha ya kushuka, ambayo kwenye kitabu haina ukurasa wake. Mwanafunzi anachagua neno la Kiingereza lililo karibu, analiandika, na kuanzia hapo faili lote linafuata lile neno.

Kisha akasimulia la degedege. Alikuwa wodi ya watoto, mama akamwambia mtoto alishikwa na degedege usiku wa kuamkia jana. Akaandika kwa Kiingereza kwamba mtoto alitetemeka kwa homa kali, akapresenti, bingwa akamuuliza: ilidumu muda gani, upande mmoja au mwili mzima, na kwa nini amefika leo kama ilitokea juzi usiku? Hakuwa na jibu. Alirudi kwa mama, safari hii akavuta kiti, akamsalimia upya, akamwomba amweleze degedege ni nini kwao. Mama akafunguka. Bibi wa mtoto alikataza asiletwe hospitali, kwa ile imani ambayo wengi wetu tumekulia nayo, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Walianza kwa mganga, mtoto akanyweshwa dawa, akafukizwa. Siku nzima ilipotea. Na dawa ile ya kunywa, ambayo madaktari walihitaji kujua habari zake, hakuna aliyekuwa ameiuliza, kwa sababu swali la Kiingereza halikuwa na nafasi yake.

Yule profesa mstaafu alisimama. Alimwita “mwanangu”, akamshukuru, akamuuliza anataka walimu wafanye nini. Nilidhani kijana atasema mtaala ubadilishwe, au tufundishe kwa Kiswahili, na mjadala huo ungetula mpaka jioni. Akajibu: “Shikamoo Profesa. Tunaomba mtusikilize tukichukua historia. Mnatusikia tukiwasilisha tu.”

Sikuandika kitu. Nilikuwa nahesabu. Miaka 14, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu, kila wiki nikisikiliza mawasilisho wodini, nikisahihisha, nikiuliza maswali ya kubana. Mara ngapi nimekaa pembeni ya mwanafunzi, kimya, tangu anapomsalimia mgonjwa hadi anapofunga daftari? Nje ya mtihani, sikukumbuka hata mara moja. Nilikuwa napima habari iliyokwisha kupikwa. Yule Mmarekani George Miller aliandika mwaka 1990 kuhusu ngazi nne za kumpima mtabibu: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda. Nimezifundisha ngazi hizo kwa wakufunzi wapya. Na mimi mwenyewe nilikuwa nakaa ngazi ya pili nikiamini niko ya nne.

Basi, je, ulipe? Kama unafundisha, iwe chuo cha wauguzi, cha maafisa tabibu au shule ya udaktari, lipa. Fika siku ya kwanza mchana kama kazi inakubana, hutakosa mengi zaidi ya hotuba moja. Chagua kikundi cha mafunzo mapema kwa sababu vinajaa. Usikate tiketi ya basi la kurudi mchana wa siku ya pili kama walivyofanya wengi. Kaa mpaka wanafunzi wamalize, hata wakipewa dakika 10. Kama unakwenda kwa ajili ya cheti na pointi za mafunzo endelevu, utavipata vyote, lakini fedha hiyo ni nyingi kwa karatasi. Na kwa waandaaji, narudia nililowaandikia: wanafunzi wawekwe saa tatu asubuhi ya siku ya kwanza, mgeni rasmi akiwa amekaa. Hotuba zisogezwe wao wakishamaliza.

Niliporudi nilianza Jumatatu, kliniki ya wagonjwa wa nje. Nilichukua kigoda nikakaa nyuma ya mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, nikamwambia mgonjwa, “Mzee, shikamoo, mimi nipo kusikiliza tu.” Mzee wa miaka 60 na kitu, mkulima. Mwanafunzi alimuuliza maswali kumi na moja mfululizo, na kumi yalijibiwa “ndiyo”. Unaumwa kichwa? Ndiyo. Kizunguzungu? Ndiyo. Kifua? Ndiyo. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho wasilisho lolote lingekificha: mzee alikuwa anaitikia kwa heshima. Mbele ya koti jeupe, kukataa ni utovu wa adabu, hata kama aliyelivaa ni mjukuu kwa umri.

Alikuwa amesema presha yake inashuka. Mwanafunzi alishaanza kuandika. Nilijizuia nisimkatize. Kisha, sijui ni kwa sababu nilikuwepo au kwa sababu alikwisha maliza maswali ya kitabu, akaweka kalamu chini akauliza, “Mzee, ikishuka unajisikiaje?”

Mzee akaeleza bila kukatizwa, kwa dakika tatu hivi. Anaamka alfajiri, anameza kidonge chake cha sukari, anakwenda shamba kabla ya chai kwa sababu jua likipanda hawezi kulima. Kwenye saa tatu anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unakwenda mbio, anaona giza. Akinywa uji, inapita. Leo pia alimeza, akapanda bodaboda kuja, hajala.

Mwanafunzi aliniangalia, nami nikaangalia sakafu. Akainuka mwenyewe akaleta kipimo. Presha ilikuwa ya kawaida. Sukari ndiyo iliyokuwa imeshuka: 2.9. Akamkimbilia chai yenye sukari kutoka chumba cha wauguzi, akasimama pale mpaka mzee alipoimaliza.

Baadaye nilipitia faili. Juu kabisa, kwenye malalamiko ya mgonjwa, alikuwa ameandika maneno ya mzee kama yalivyotoka kinywani, kwa Kiswahili, ndani ya alama za nukuu. Kiingereza kilianzia mstari wa pili.